Nukta Tatu

Fundi Lugata ametandika taulo la kijani mezani.
Bastola yangu iko katikati, tupu, mdomo umeelekezwa ukutani,
magazini kando yake kama meno ya bandia usiku.
Kibali chake kimetundikwa juu ya pangaboi, muhuri umefifia,
au ni macho yangu. Siku hizi sijui kipi kinafifia.

Nina miaka hamsini na nne. Nanunua mabondo,
Kirumba, Igombe, hadi visiwani Ukerewe.
Bondo la sangara halinunuliwi kwa ahadi;
fedha huwa begani, na kila mwenye akili mwaloni
anajua begi langu limebeba nini.
Niliomba leseni, nikahojiwa, nikachovya vidole kumi kwenye wino.
Bastola ilikuja na nukta zake za kiwandani, nyeupe, za rangi tu.
Ile ya mbele sasa
ni chembe ya wali ndani ya uji.

"Chagua," anasema, akivipanga vilengeo kama muuza hereni.
Hiki cheusi ti, hakina pambo: cha watu wenye macho ya ujana.
Hiki kina uzi mwekundu unaokunywa jua;
mchana kaa la moto, usiku uzi tu.
Hiki cha tatu kina gesi tumboni, hakiombi betri,
kinang'aa chenyewe gizani, na baada ya miaka kumi na miwili
kitakuwa kimebaki na nusu ya nuru.
Nahesabu: sitini na sita.
Tutafifia pamoja, namwambia. Hacheki.

"Jicho lina uchoyo, Mama Nyanzala.
Kuna cha nyuma, kuna cha mbele, kuna kule unakolenga,
nalo litakupa kimoja tu.
Shika cha mbele. Kiwe wembe.
Kule kwingine kuache kuwe ukungu."

Kule kwingine.

Sikumweleza habari ya Igombe, Machi ile,
umeme umekatika, mvua imeacha tope la kufika kwenye vifundo,
na kijana akatoka nyuma ya matangi ya barafu na panga.
Hatua sita. Nikainua mikono miwili kama nilivyofunzwa,
na nukta zote tatu zikayeyuka.
Lakini yeye! Yeye nilimwona
kuliko nilivyowahi kumwona mtu:
kovu la tetekuwanga juu ya unyusi,
jezi aliyoivaa nje ndani,
mdomo unacheza kama wa mtoto aliyesahau alichotumwa dukani.
Nikasema, "We, rudi kwenu."
Akarudi. Mbio. Ndala moja ikabaki kwenye tope.

Kilengeo kizuri kingemfanya ukungu.

"Hiki cha gesi," nikasema hata hivyo,
kwa sababu Ijumaa navuka tena na begi,
na kwa sababu kijana mwingine anaweza asirudi kwao.
Fundi akakigonga kwa kirungu cha shaba,
kulia upana wa unywele, kushoto nusu ya unywele,
akafumba jicho, akafumbua, akafuta jasho, akaandika risiti.

Usiku, Kitangiri, nimezima taa ya chumbani.
Kabati la chuma liko wazi kidogo
na nukta tatu za kijani zinanitazama.
Dirishani hakuna mwezi; wavuvi wa dagaa wamewasha zao,
mstari mrefu ziwani, kama mji usio na barabara.
Dagaa huifuata taa. Sidhani kama ni ujinga.
Huona kitu kimoja kiking'aa vizuri sana,
na vingine vyote, wavu, kamba, mikono ya mtu,
havionekani.

Nimefunga kabati, ufunguo nimeuweka chini ya mto.

Ile ndala bado iko kibarazani. Ya kushoto, namba tisa,
kamba yake imeshonwa kwa waya.
Jumapili niliiosha. Sijui kwa nini niliiosha.